Sikio la Kulia na Mpaka wa Marcella

Jumatatu, 8 Oktoba 2018

Wameng'oa jino. Jino zima, halina hata doa! Yule kijana wa kliniki ya meno ameliweka kwa pamba akanionyesha kwa majivuno, na mimi kwa macho yangu nikaona halina shimo. Nilimwambia kabla: maumivu yako sikioni, yanashuka kwa taya. Akasema jino la nyuma huumiza mpaka sikio, Mama, sisi tumesomea. Haya. Nikafungua mdomo. Mjinga ni mimi.

Sasa nina pengo na sikio linauma vilevile. Lilianza Agosti. Nilikuwa kwa mizani pale faktri ya kahawa, nikajikuna ndani na kifuniko cha kalamu — tabia ya miaka. Likatoa maji, halafu usaha. Nimemaliza chupa tatu za dawa ya matone. Nimemeza tembe za rangi zote. Usaha unanuka mpaka wakulima wakileta kahawa wanasimama upande wa kushoto. Wanafikiri sioni.

Alhamisi, 11 Oktoba 2018

Silali. Mchana ni afadhali, lakini nikilaza kichwa tu, kitu kinatoboa ndani, nyuma ya sikio, kama msumari. Si uchungu wa sikio huu. Nimezaa, naujua uchungu.

Kiogora amepiga simu kutoka Timau, kule kwa shamba la maua anakofanya kazi. Ati ninywe maji mengi. Maji! Mtoto nimemsomesha mpaka diploma ananiambia ninywe maji.

Vitabu vya faktri naandika kwa Kiingereza, maombi nasema kwa Kimeru. Hasira yangu nimeipa Kiswahili na daftari hili. Hakuna mwingine wa kulisoma.

Jumapili, 21 Oktoba 2018

Uso umekwenda upande.

Niliamka, nikanywa uji, uji ukatoka kwa kona ya mdomo ukaingia kifuani. Nikafikiri ni kikombe kimepasuka. Nikaenda kwa kioo. Upande wa kulia wote umelala. Jicho halifungi. Nikijaribu kucheka, nusu inacheka na nusu inaniangalia tu.

Ningebaki nyumbani. Lakini mimi si wa kujificha, nikafunga leso nikaenda kanisani. Kai! Afadhali ningebaki. Wimbo wa pili ulikuwa bado haujaisha na kila mtu ameshaniona. Halafu nikasikia mke wa Muthamia nyuma yangu akimwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti: siku za mwizi ni arobaini.

Niandike sawasawa, maana nimekasirika na nikikasirika naruka mambo. Jumamosi ya tarehe 14 Julai wazee walisikiza kesi ya mpaka kati ya rafiki yangu Marcella na Muthamia, ndugu ya marehemu mumewe. Muthamia anasema mistari minne ya kahawa ni yake. Mistari minne ndiyo inayomlisha Marcella. Mimi niliitwa shahidi kwa sababu mwaka wa tisini na moja, mzee wao, babake Muthamia, alipopima ule mpaka, mimi ndiye nilishika mwisho wa kamba. Nilikuwa bibi arusi wa juzi hapo jirani, nikaitwa nisaidie. Nakumbuka jiwe, nakumbuka mti, nakumbuka mpaka matope. Basi nikasimama pale pale mpakani, udongo wa shamba mkononi, nikaapa kwamba kahawa ile ni ya upande wa Marcella. Wazee wakakubali. Muthamia akaenda nyumbani.

Na kila mtu hapa Githongo anajua: ukiapa uongo na udongo mkononi, msimu hauishi kabla mdomo haujapinda.

Sasa mdomo umepinda. Wangu!

Jumatano, 24 Oktoba 2018

Jumatatu zahanati walisema ni mshipa wa uso umepigwa na baridi. Mwingine akasema ni stroke ndogo. Magonjwa mawili kwa uso mmoja. Wakanipa tembe za kunyoosha mshipa. Sikio? Hakuna aliyeliangalia. Nimewaambia nina sukari, wakasema sawa, wakaandika.

Leo nimejipima sukari na kile kimashine changu. Ishirini na sita! Sijawahi kuona namba hiyo, hata Krismasi. Ni hizo tembe zao.

Jioni Naftaly amekuja. Yeye ni mwenyekiti wa wale wazee, na pia mzee wa kanisa, kwa hivyo ana viti viwili na anakalia vyote. Chai yangu amekunywa vikombe viwili. Kisha: Mama Kiogora, ulimi hauna mfupa, mtu anaweza kuteleza. Ukikiri, mbuzi mmoja tu, wazee wataondoa kiapo, uso utarudi.

Nikamuuliza nikiri nini.

Akasema, wewe unajua.

Nilimwambia ninajua kuwa sikio langu linatoa usaha tangu Agosti, na usaha hauapi. Akasema kwa upole — huo upole wake ndio unaniua — kwamba Mungu anaweza kuanzia popote, hata sikioni.

Nilitaka kumtupia kikombe. Sikumtupia kwa sababu ni kile cha seti.

Jumamosi, 27 Oktoba 2018

Nimegombana na Mukiri wa duka la dawa. Nilimwomba chupa ya nne ya matone, akakataa kuniuzia. Amekataa! Pesa iko mezani! Akanivuta kando, akaniuliza: umesema una sukari? Usiku ndiyo inauma zaidi? Na uso umefuata sikio, ama sikio limefuata uso? Nikasema sikio, miezi miwili mbele. Akarudisha chupa rafuni. Kisha akasema, Mama, sikio la mtu wa sukari si la kuchezea, matone yangu yanafunika tu. Kuna daktari wa masikio Embu, huona wagonjwa Jumanne. Nenda kabla hujapoteza kingine.

Nimemtukana kidogo halafu nikamwomba aniandikie jina.

Mtu wa kwanza kuuliza kipi kilitangulia. Na ni muuza dawa.

Jumanne, 30 Oktoba 2018. Embu.

Marcella amenileta. Mistari yake imeiva, wachumaji hawana msimamizi, na bado amenileta. Kiogora ana zamu.

Daktari anaitwa Njiru. Kijana, mfupi, haongei sana. Tunaongea Kiswahili maana yeye Kimeru hajui na mimi Kiembu chake nasikia nusu. Aliingiza kitaa sikioni, akasafisha polepole, nikapiga kelele mpaka watu wa foleni wakanyamaza. Akasema samahani Mama, mara tatu. Akaona kinyama chekundu kimeota ndani, pale mfereji unapokutana na mfupa. Akanipima sukari. Akauliza nani alinipa tembe za uso. Nikamwonyesha. Akaziweka mezani, mbali nami, akasema hizi zimepandisha sukari na zimelisha ugonjwa.

Jino nikamweleza pia. Akafunga macho kidogo.

Amenilaza wodini leo leo. Anasema anaogopa mfupa.

Nikamuuliza moja kwa moja: mtu anaweza kupinda mdomo kwa sababu ya kuapa uongo? Hakucheka. Akasema yeye amewaona wengi wamepinda, na wote aliwapata na sababu ndani ya kichwa, lakini kiapo hajasomea. Nimempenda kwa hilo.

Ijumaa, 2 Novemba 2018

Picha ya kichwa imetoka. Njiru ameiweka kwa dirisha akanionyesha na kalamu. Upande wa kushoto mfupa wa chini ya fuvu ni mweupe, umejaa. Wa kulia umeliwa, kama mbao iliyoingiliwa na mchwa. Anasema vijidudu vilianzia kwa ngozi ya sikio, na kwa mtu wa sukari damu haifiki vizuri kupigana, vikashuka mpaka mfupani. Mshipa wa uso unapita hapo hapo kwa kitundu chake. Ndiyo uso ukalala. Karibu na hapo kuna mishipa ya kumeza na ya sauti. Vikifika huko ni taabu nyingine.

Amekata pia kipande cha kile kinyama, kiende kupimwa kama ni saratani, na usaha uoteshwe maabara ujulikane ni mdudu gani.

Nililia. Si kwa woga. Kwa hasira! Miezi mitatu mfupa wangu unaliwa na watu wananiuliza nilidanganya nini.

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Dawa imeanza. Ya mshipa, kila saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Wiki sita! Nikadhani nimesikia vibaya, maana sikio moja ndilo linafanya kazi. Wiki sita, Mama, na baadaye tembe. Njiru anasema mfupa haupokei dawa haraka, na wagonjwa wengi huharibu hapa: uchungu unaisha wiki ya tatu, wanaenda nyumbani, mfupa unaanza upya.

Tarehe 17 Desemba ndiyo mwisho. Msimu wote wa kahawa, mizani yangu ameshika mtu mwingine.

Muuguzi ni Sista Ednah, mama anayetoka Ishiara, mkali. Aliniita shosho, kama bibi kizee. Nikamwambia nina miaka hamsini na tatu, shosho ni wewe. Tumeelewana tangu hapo. Kabla ya kulala hunifunga jicho kwa plasta lisikauke.

Jumamosi, 10 Novemba 2018

Si saratani! Mdudu amepatikana, ana jina refu, na dawa ninayopewa inamuua. Sukari kumi na moja.

Nimempigia Kiogora, nikamwambia kila kitu, polepole, maana midomo haikutani vizuri nikiongea. Mfupa. Vijidudu. Karatasi iko. Akasema, asante Mungu. Halafu akasema, lakini Mama, watu wanaongea.

Waongee!

Jumamosi, 17 Novemba 2018

Nimelala. Usiku mzima! Mara ya kwanza tangu Septemba. Sista Ednah aliniamsha kwa sindano na nilikuwa nakoroma. Ule msumari haupo. Kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe kilikuwa 98, sasa ni 51. Njiru amesema usifurahi sana Mama, uso utachukua miezi, pengine usirudi wote. Nimefurahi sana.

Naandika tarehe vizuri: tarehe kumi na saba.

Jumanne, 20 Novemba 2018

Kiogora amekuja hatimaye. Ana miaka ishirini na sita na ameingia wodini kama mtoto aliyevunja sahani. Ameniletea maua kutoka kazini, yale yenye kasoro ambayo hayaendi ng'ambo. Ameniangalia uso, akaangalia kitanda.

Mama, una uhakika ilikuwa ule mti? Miaka ishirini na saba imepita.

Nilishika ukingo wa kitanda ili nisimpige. Nikamwambia nilishika kamba kwa mkono huu ulio na sindano. Akasema hajasema mimi ni mwongo. Akasema wakwe zake wa baadaye wameuliza. Ahaa! Hapo ndipo penyewe. Msichana anayemchumbia anatoka nyumba ya jamaa zake Naftaly, na hawataki kuoza binti kwa nyumba yenye kiapo.

Kisha akalia, mtu mzima, akasema hana mzazi mwingine, na nikifa je. Nilimshika kichwa. Aliondoka bila kumaliza soda.

Jumatatu, 26 Novemba 2018

Sijui nianzie wapi.

Marcella amekuja leo, hajaniambia anakuja. Hakukaa kwa kiti. Amesimama mguuni pa kitanda na mkoba wake ameukumbatia. Nikadhani amefiwa.

Akauliza: Karwirwa, ulinidanganyia?

Nikasema nini?

Ndipo akanieleza. Jumamosi Kiogora alipeleka mbuzi kwa Naftaly. Akasimama mbele ya wazee akasema, mama amenituma, anakiri alikosea. Mbuzi akachinjwa, wakala. Wazee wakaondoa kiapo, na ushahidi wangu ukaondoka nacho. Muthamia anahamisha ua Jumamosi hii, tarehe mosi, na kahawa iliyoko juu ya miti ataichuma yeye.

Na kuna zaidi. Kiogora amewaambia watu kwamba mama halii tena usiku, analala. Na sasa Githongo yote inasema: mnaona? Mbuzi amechinjwa na mama amepata usingizi!

Nililala tarehe kumi na saba! Mbuzi alichinjwa tarehe ishirini na nne! Nimemwonyesha Marcella daftari hili, ukurasa wenyewe. Amesoma kwa kidole. Akasema yeye anaamini. Lakini alikuja kuuliza. Saa mbili za barabara, alikuja kuuliza. Hilo limeniuma kuliko sikio, na najua simlaumu, ningeuliza mimi pia.

Kiogora hashiki simu.

Mtoto nimezaa mimi ameniuzia jina kwa mbuzi. Kwa kunipenda! Angekuwa amenichukia ningejua la kufanya.

Jumatano, 28 Novemba 2018

Nimempigia Naftaly mwenyewe. Nikamwambia sikumtuma mtu. Akasema kijana alisema umemtuma. Nikasema waje Embu waniulize, picha ya fuvu iko, daktari yuko. Akasema neno la mpaka husemwa mpakani, si hospitalini. Kama una neno, Jumamosi tutakuwa pale. Na upole ule ule. Anajua niko na dripu, anajua.

Njiru amekataa niende. Nusu ya dawa tu imeingia, Mama. Nikamwambia ni siku moja. Akasema wote humwambia siku moja. Mwaka jana alikuwa na mzee aliyetoka kwenda mazishi, akarudi baada ya mwezi hawezi kumeza mate. Aliposema hivyo sauti yake ilibadilika, nikaona si ukali, ni uchungu.

Nimemwambia: daktari, wewe unalinda mfupa wangu, na ni kazi yako. Lakini kuna mama anapoteza chakula kwa jina langu. Mkinitibu mfupa nikabaki mwongo, mmetibu nini?

Akatoka.

Sista Ednah ndiye alirudi. Amepiga hesabu kwa vidole. Sindano saa kumi na mbili asubuhi kamili. Nyingine saa nane. Katikati ni yako, utaweka sahihi. Saa nane nisipokuona kitandani nakuja huko Githongo na sindano yangu, na nitakudunga mbele ya hao wazee. Nimeamini.

Jumamosi, 1 Desemba 2018. Mpakani.

Naandika nikiwa nimekalia gunia la kahawa. Wacha waone naandika.

Dawa saa kumi na mbili. Pikapu ya binamu yake Marcella imetufikisha hapa saa tatu kasoro. Mkono umefungwa bendeji juu ya ule mpira wa sindano. Tusipoondoka saa tano, saa nane itanipita.

Saa tatu. Muthamia yuko na nguzo zake na watu wawili wa kuchimba. Ameniamkua vizuri kabisa. Wazee watatu wamefika. Naftaly anasema tungoje wengine.

Saa tatu na nusu. Tunangoja. Wanakunywa chai kwa Muthamia.

Saa nne na dakika ishirini. Wametimia! Nimesimama, nimeeleza. Sikio, jino, picha. Nimewapa picha, wameishika juu chini. Mzee mmoja ameuliza nyeupe ni nini, nikamwambia mfupa, nyeusi ni pale umeliwa. Ameiangalia sana huyo. Nimewasomea tarehe kutoka daftari. Maneno yenye kubana midomo yananitoka vibaya, nikarudia kila moja mpaka likasikika. Muthamia akacheka. Yule mzee akamwambia anyamaze.

Saa tano kasoro robo. Naftaly amesema: daftari ni lako, unaweza kuandika chochote. Wazee hawawezi kula mbuzi wa mtu halafu waseme hakuna mbuzi. Swali ni moja. Ulimtuma, ama hukumtuma? Na hilo si wewe wa kujibu. Aitwe kijana.

Kumbe Kiogora yuko! Alikuwa nyuma ya ghala wakati wote. Amekuja amevaa shati la kanisani. Babake yule msichana pia yuko, amesimama na wazee, sasa ndio namwona. Akisema nilimtuma, mimi ni mwongo na Marcella amekwisha. Akisema sikumtuma, ni yeye aliyewadanganya wazee na damu ya mbuzi juu yake, na nani atampa mtoto wake.

Saa tano. Dereva amepiga honi. Nimemwonyesha mkono, angoje.

Naftaly amemuuliza. Kiogora, mama yako alikutuma?

Anaangalia viatu.

Nilitaka kumfokea. Maneno yako hapa, nimeyabeba kutoka Embu. Lakini ameinua macho akaniangalia uso, upande huu ulioanguka, na sikuweza. Hasira iko, yote iko, sijui tu niiweke wapi.

Saa tano na dakika kumi. Honi tena. Ameulizwa mara ya pili. Amefungua mdomo, akasema koo limemkauka, anaomba maji.

Hakuna aliyesogea. Marcella ndiye ameenda kumchotea.